Hajafa Mtu

Katika mtaa mmoja wa Kilosa, kati ya soko na reli ya zamani, kuna muziki ambao wenyeji hawauiti kwa jina la aliyeutunga wala kwa jina la ala zinazoupiga. Wanauita hajafa-mtu. Ukiuliza mwalimu Ida yuko wapi, utaambiwa, “Anawapigia watoto hajafa-mtu, subiri amalize,” nawe utakaa kwenye benchi la Filipo, fundi cherehani, ungoje. Jina hilo lilizaliwa na kosa la asubuhi moja, na kosa lenyewe halieleweki bila kumjua mwanamke aliyelisababisha.

Ida Yared alizaliwa milimani, juu ya Kilosa, katika nyumba ya Wakaguru wa Kanisa la Anglikana ambamo watoto walifundishwa kuimba kabla ya kufundishwa kufunga vifungo vya shati. Baba yake, Yared, alikuwa mwalimu wa kwaya. Kanisa lao halikuwa na kinanda. Kulikuwa na ubao, chaki, herufi za do-re-mi, na masikio ya Yared ambayo hayakusamehe kitu. Desturi yake ilikuwa kuisimamisha kwaya katikati ya wimbo na kumwelekezea kidole mtoto yeyote aliyeonekana kujisikiliza mwenyewe. “Wewe,” angesema, “sauti ya nne ilikuwa wapi?” Sauti ya nne ni ile ya chini kabisa, ya wanaume, ambayo msikilizaji wa kawaida huisahau kama anavyousahau msingi wa nyumba anayoishi. Mtoto asiyejua alihamishiwa kwenye mstari wa wazee, akakaa huko kati ya makoti yenye harufu ya moshi mpaka ajue. Ida alihamishiwa huko mara nyingi, na katika kuhamishwa huko akaipenda sauti ya nne kuliko nyingine zote.

Alipokuwa kijana alishuka Mikumi, akapata kazi katika nyumba moja ya wageni kando ya barabara kuu, ya kutandika vitanda na kupiga pasi mashuka. Huko ndiko alikomzaa binti yake, Imani. Imani alikuwa mtoto wa kulia. Zahanati ilimpa dawa ya maji. Bibi yake alituma mizizi kutoka milimani akisema mtoto ana mchango wa tumbo. Majirani walishauri abadilishwe jina. Mtoto aliendelea kulia, na Ida aliendelea kupiga pasi naye mgongoni, kwa maana wageni hawalali juu ya mashuka yenye makunyanzi kwa sababu ya mtoto wa mtu.

Chumba cha pasi kilipakana na ukumbi wa chakula, na msimamizi wa nyumba ile alikuwa na mazoea ya kuwapigia wageni muziki wa Ulaya ya zamani, ule wa ala tupu usio na maneno. Kwa muda mrefu Ida aliusikia kama mtu anavyosikia mvua ya jirani. Ndipo siku moja, pasi ikiwa mkononi, akatambua kwamba vile vilivyokuwa vikilia ukutani, ambavyo yeye aliviita mazeze kwa sababu hakujua jina jingine, vilikuwa vinne. Kimoja kilibeba sauti ya kwanza, kingine ya pili, kingine ya tatu, na kile kikubwa chenye kifua kipana kilikuwa kimeketi chini kabisa, mahali pale pale walipoketi wazee wa makoti ya moshi. Ilikuwa kwaya ya baba yake, imenyang’anywa maneno na haikupungukiwa na kitu. Akasimama kuisikiliza. Baada ya muda akagundua kwamba mgongoni pake palikuwa kimya.

Je, ni mazeze yaliyomtuliza mtoto, au ni mama aliyetulia kwanza na mtoto akamfuata? Ida mwenyewe, akisimulia, huacha nafasi kwa yote mawili. Lakini tangu siku hiyo hakupiga pasi bila kuuacha mlango wa ukumbi wazi, na Imani alilala.

Miaka ilikwenda, Imani akakua. Mama yake Ida alipougua, Ida alirudi Kilosa kumwuguza, na baada ya mazishi akabaki. Alifungua chekechea katika nyumba ya familia, chumba kimoja kikubwa na baraza inayotazama mtaani. Watoto walikuwa wa wafanyabiashara wa soko, wa madereva wa bodaboda, wa wakulima waliotoka Chanzuru, na mmoja alikuwa wa kifugaji: Naishorua, binti wa Namayiana, muuza maziwa ambaye boma lao liko tambarare, upande wa barabara iendayo Mikumi. Si kila mzazi wa kikulima alifurahi kumwona mtoto wa mfugaji kwenye mkeka mmoja na wake. Ida hakuwauliza kama wamefurahi. Aliwaketisha watoto wote pamoja, akawapa uji, na baada ya uji akawapigia mazeze kutoka kwenye simu yake.

Hakuwaacha wasikilize ovyo. Alikuwa na utaratibu, na utaratibu huo alikuwa ameurithi kwa Yared ila aliupunguzia ukali. Kila mtoto alipewa sauti ya kushika. “Happiness, leo shika ya kwanza. Naishorua, shika ya nne.” Mtoto alilala chali, akafumba macho, akakunja ngumi. Maadamu aliisikia sauti yake, ngumi ilibaki imekunjwa. Sauti ikinyamaza, mkono ulifunguka. Ikirudi, ukakunjwa tena. Mtu aliyepita barazani aliona vidole vidogo vikifunguka na kujifumba juu ya mkeka kama maua yasiyokubaliana saa.

Wazazi walipouliza faida yake, Ida aliwajibu bila kusita, “Unaongeza akili.” Alikuwa amesikia hivyo redioni.

Sasa tuifikie asubuhi yenyewe. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa, watoto wakahamia barazani. Simu haikutosha kushindana na kelele za mtaa, kwa hiyo Ida akaiunganisha na spika aliyoinunua kwa mpiga muziki wa harusi, spika kubwa iliyozoea kushindana na vigelegele. Akachagua kipande cha polepole kuliko vyote alivyokuwa navyo, kinachoanza na sauti ya nne peke yake. Akafungulia.

Katika nchi hii hakuna mtu mzima anayehitaji kuelezwa maana ya muziki wa taratibu usio na maneno unapojaza hewa ghafla mchana. Redio ikiacha nyimbo zake katikati na kuanza kulia namna hiyo, ni kwamba mkubwa ametutoka. Watu wa mtaa ule waliwahi kuyasikia hayo, na mwili haukuwa umesahau.

Filipo aliondoa mguu kwenye cherehani. Baa ilizima santuri yake katikati ya ubeti. Madereva wa bodaboda walivua kofia zao ngumu. Muuza sambusa alifunika sinia kwa kanga. Kila mmoja alimwuliza wa karibu yake, “Nani?” na kwa kuwa hapakuwa na aliyetaka kuwa wa mwisho kujua, hapakuwa na aliyekiri kwamba hajui. Mmoja alisema jambo limethibitishwa Dodoma. Mwingine alisema alilijua tangu jana, ila alikatazwa kusema.

Mzee Zabron, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa ofisini kwake, na mjukuu wake Happiness alikuwa barazani kwa Ida ameshika sauti ya kwanza. Zabron alipitia jeshi la kujenga taifa ujanani, na mambo ya bendera kwake si mchezo. Alitoka, akarekebisha kola, akaenda mlingotini. Hakuishusha bendera hivi hivi kama afanyavyo mtu asiyefunzwa. Kwanza aliivuta hadi ikagusa kilele, kisha akaishusha taratibu hadi nusu, akaifunga, akarudi nyuma, akasimama wima. Wapita njia walipoona bendera iko nusu mlingoti, wasiwasi wao wote uliisha: sasa ilikuwa kweli. Kina mama wawili walianza kulia.

Simu ya Zabron ikalia. Alikuwa ofisa mmoja wa serikali aliyekuwa amepita hapo kwa pikipiki na kuiona bendera.

“Mwenyekiti, mtaani kwako kafa nani?”

“Si mtaani, mheshimiwa. Ni kitaifa.”

“Kitaifa nani?”

Zabron aliitazama bendera. Akiwa bado anaitazama, akasikia, kutoka upande wa chekechea, muziki umekwisha, na sauti ya mjukuu wake ikidai kwa ukali, “Mwalimu, rudia. Sauti yangu imekimbia.”

Kicheko kilifika Kimamba kabla ya magari ya jioni. Jioni ile ile vijana wa kijiwe cha bodaboda walikwisha kumpa Zabron jina: Mzee Nusu Mlingoti.

Asubuhi iliyofuata alikuja barazani. Ida aliinuka.

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba.” Hakuketi. “Mwalimu, unawafundisha watoto wetu msiba.”

“Nawafundisha kusikiliza, mzee.”

“Muziki wa msiba ukipigiwa watoto wazima, huo ni uchuro. Unawaitia kifo. Mjukuu wangu hatalazwa chali kama maiti na kupigiwa maombolezo. Nitaita wazazi, wakikubali, huo muziki ndio mwisho wake.”

Akamshika Happiness mkono, akaondoka naye, mtoto akigeuka nyuma kila hatua. Kabla ya wiki kwisha mkeka ulikuwa na mapengo. Ida aliyatazama mapengo hayo na kujiambia ukweli: bila ule wakati wa baada ya uji angebaki na chumba cha kuhifadhia watoto wakati mama zao wako sokoni. Kazi hiyo wangeweza kuifanya wengi. Hii nyingine, hapa Kilosa, hakumjua mwingine wa kuifanya.

Mkutano ulifanyika chini ya bati la ofisi ya mtaa, mlingoti ukiwa mbele yao na bendera ikiwa juu kabisa, kama kwamba nayo imekuja kusikiliza kesi yake. Zabron alieleza shauri lake kwa ufupi na kwa heshima. Kisha alisimama Grace, mke wa fundi baiskeli.

“Mwalimu, mimi neno la uchuro siliwezi. Nina swali dogo. Ulituambia unaongeza akili. Wangu mpaka leo anavaa viatu kinyume.”

Watu walicheka. Ida aliwangoja wamalize.

“Mama, hilo la akili nalirudisha,” alisema. “Nililisikia, nikalibeba kama lilivyo. Wanaolichunguza hawajaafikiana, na mimi sina mzani wa kupimia kichwa cha mtoto. Lakini la kusikia silirudishi. Watoto hawa walikuja kwangu hawawezi kungoja hata uji upoe. Leo mtoto anaweza kulala kimya akafuata kitu kimoja ndani ya vitu vinne mpaka kiishe, asikipoteze. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na ninyi mkija mtaliona kwa macho yenu.”

Minong’ono ilipita. Nyuma, karibu na nguzo, shanga zililia. Namayiana alikuwa amesimama, kibuyu chake cha maziwa miguuni.

“Mimi akili sijui,” alisema. “Najua kengele.”

“Sema, yeyo,” mtu akamwitikia, kwa neno la Kimaasai la kumwita mama.

“Jioni ng’ombe wanarudi bomani, kengele nyingi, vumbi. Mtoto wangu kakaa kwenye gogo, kakunja ngumi hivi. Mara kafungua mkono. Kasema, ‘Mama, ya nne haipo.’ Nikamwambia, ya nne gani, nenda kashike ndama. Kalia. Kakataa. Baba yake akasema hebu tutazame. Ng’ombe wa bibi yake hayupo, yule mwenye kengele nzito. Tumemkuta kwenye tope la mto, kazama mpaka tumboni. Tumemvuta. Maziwa mliyokunywa jana ni yake.”

Ida angeweza kuliacha jambo hilo lisimame kama lilivyo, kwa faida yake. Hakuliacha.

“Yeyo, mtoto wa mfugaji hujua kengele tangu akiwa mgongoni. Nisijisifie ya kwenu.”

“Kaka zake walikuwa mgongoni huu huu,” Namayiana akajibu. “Wao wanasikia simu tu.”

Safari hii hata Zabron alitabasamu, lakini alikaza uso upesi. “Ng’ombe amepatikana, tunashukuru,” alisema. “Hata hivyo msiba ni msiba. Mtaa mzima uliusikia. Mimi niliusikia.”

Hapo ndipo Ida alipoelewa. Mzee huyu hakuogopa uchuro hata kidogo. Alikuwa amesimama wima mbele ya bendera kwa moyo wake wote, na watu wakamcheka. Hoja za akili na za kengele hazikuwa na dawa ya jambo hilo. Lakini dawa ilikuwepo, na ilikuwa ya zamani kuliko ofisi ile. Babu yake Zabron alikuja Kimamba kutoka Unyamwezi kukata mkonge. Na Mnyamwezi na Mkaguru, katika vilima na mashamba haya, ni watani. Mtani humsema mtani wake hadharani, tena msibani kuliko mahali pengine popote, na mwenye kusemwa hana ruhusa ya kukasirika.

“Mwenyekiti nimemaliza naye,” Ida alisema. “Sasa namtafuta mtani wangu. Yumo humu?”

Watu wakageuka kumtazama Zabron. Mzee alikohoa. Swali la namna hiyo halikataliwi.

“Yumo.”

“Mtani, nilikuwa nasikia kwamba Wanyamwezi mnapenda ubwabwa wa msibani, nikadhani ni masengenyo. Kumbe yuko wa kwenu anayewahi msibani kabla ya marehemu. Marehemu hajaugua hata mafua, mtani kishashusha bendera.”

Bati lilitikisika kwa vicheko. Grace alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Zabron aliinamisha kichwa, na alipokiinua uso wake ulikuwa mwingine kabisa; ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa silaha yake.

“Afadhali sisi tunaokuja na bendera,” alisema. “Ninyi Wakaguru mnaweka tanga kwanza, maiti mnaitafuta baadaye. Mkiikosa, mnawalaza watoto chali, mnawapigia mazeze, mnangoja atakayekubali.”

“Hatumlazimishi mtu, mtani. Tulikuwa tunakungoja wewe.”

“Mimi sifi kwa zeze. Kwetu anakufa kwa zeze mtu asiye na ngoma.”

Walikwenda hivyo kwa muda, neno kwa neno, na kila neno liliondoa kipande cha lile jina la kijiweni, kwa maana mtu akisemwa na mtani wake hadharani na kujibu vizuri, wengine hubaki bila la kuongeza. Mwishowe Zabron aliinua mkono.

“Umenishushisha bendera ya taifa bila maiti. Hilo nakutoza faini ya utani.”

“Nitoze.”

“Kila utakapofungulia hayo mazeze yako, kwanza itangazwe kwamba hajafa mtu. Tena kwa sauti ya kufika hapa mlingotini. Na usitangaze wewe, wewe sikuamini. Watangaze watoto, nimsikie mjukuu wangu akisema kwa kinywa chake.” Akawageukia wazazi. “Kuna mwenye neno?”

Wazazi walikwisha kuanza kuinuka. Familia moja haikumrudisha mtoto wake, na Ida hakuwalaumu. Waliobaki walirudi, na mapengo ya mkekani yakajaa, ila moja.

Tangu hapo uji ukishanywewa, kabla ya muziki, watoto husimama ukingoni mwa baraza, hujaza vifua hewa, na kupiga ukelele kwa pamoja, “Hajafa mtu!” Happiness huishika sauti ya kwanza hata hapo, juu ya wenzake wote. Kutoka kwenye cherehani Filipo hujibu, “Tumesikia!” Mtaani watu hucheka, na kwa kuwa wameshacheka, hutega sikio. Wako madereva wa bodaboda wasiojua kusoma alama hata moja ya muziki ambao sasa wanaweza kukuambia ni wapi sauti ya nne inapokwenda kujificha. Zabron, kila ukelele unapopigwa, hutoka mlangoni, hutazama juu kuhakikisha bendera iko kileleni, kisha hurudi ndani na kuuacha mlango wazi.

Kama watoto wameongezeka akili, hakuna aliyepima. Naishorua yuko darasa la kwanza sasa, na mwalimu wake amelalamika kwamba msichana huyo hukunja ngumi chini ya dawati wenzake wanaposoma kwa pamoja na kuifungua mmoja wao anapokosea, hata awe ameketi nyuma kabisa. Ida alipoambiwa hayo alisema kwamba baba yake, Yared, angelilalamikia jambo jingine: kwamba mwalimu hamwulizi mtoto ni sauti ipi.

Juzi mgeni mmoja, dereva wa lori kutoka Mikumi aliyeleta saruji, alisimamisha gari lake ghafla mbele ya duka la Filipo. Watoto walikuwa wamekwisha kutangaza kabla hajafika, na barazani kulikuwa na vidole tu na lile zeze kubwa la chini likianza peke yake. Dereva alizima injini, akavua kofia, akashuka polepole.

“Ndugu yangu,” alimwuliza Filipo kwa sauti ya chini, “katutoka nani?”

Filipo hakuinua macho kwenye mshono.

“Hajafa mtu, kaka. Watoto wanasoma.”